Mguu wa Muunga Mifupa

Mwanza, 2 Julai 1995

Kwa Ng'washi, mke wangu,

Barua njema huanza kwa kusema mimi sijambo. Hii siwezi kuianza hivyo. Nimevunjika mguu.

Unajua nilivuka ziwa na lori la wale wanunuzi wapya wa pamba, ili nione kwa macho yangu mzigo wetu unapimwa. Nilikuwa nimekaa juu ya mafurushi. Wakati lori linatoka kwenye pantoni upande huu wa mjini liliruka mbele ghafla, nami nikatupwa chini kwenye mawe. Mguu wa kulia ulitangulia, ukapindika, na uzito wote wa mwili ukaufuata. Nilipoutazama, unyayo ulikuwa umegeukia kando kama mguu wa mtu mwingine aliyelala karibu nami. Kifundo kimevunjika pande zote mbili, ndani na nje, na kiungo kimetoka mahali pake.

Walinipeleka Igogo kwa Selina. Nilimwambia mwanetu anitafutie mabanzi na kanga kuukuu, nikashika kisigino changu mwenyewe nikavuta. Mke wangu, mkono unavuta na mwili unaukimbia mkono. Nilijaribu mpaka jasho likaniingia machoni. Ngozi ya upande wa ndani ikaanza kuwa nyeupe kwa jinsi mfupa ulivyokuwa unaisukuma. Ungekuwa mguu wa mtu mwingine, ningesema nauweza. Kwa kuwa ulikuwa wangu, nilijua siuwezi.

Sasa nimelazwa hospitali kubwa ya kilimani. Mtu wa huko nyumbani asijue. Sema nimepitiliza Geita kumuuguza kaka yangu. Tangu enzi za baba yangu Chenge watu wanavuka mito kutuletea mifupa yao. Nani atamletea mguu wake mtu ambaye wa kwake ulipelekwa kwa wengine?

Barua nampa Odoyo anayefanya kazi kwenye pantoni. Ni mtu wa Shirati, hana ndugu huko kwetu, hatauliza kitu.

Mimi mumeo,
Mayala Chenge


Nyabusenga, 5 Julai 1995

Baba Selina,

Shikamoo. Pole sana. Barua yako nimeisoma nyuma ya zizi, mahali pekee ambapo mama yako hanisikii nikipumua. Macho yake yamekufa lakini masikio yamebaki na kazi yote.

Nimesema uko Geita. Ni uongo wangu wa kwanza kwa ajili yako, na umetoka mdomoni kirahisi kuliko nilivyotaka. Mama yako akasema basi Mungu amponye huyo wa Geita.

Ningevuka leo hii. Lakini mama hawezi kuachwa peke yake, na nikimwachia jirani itabidi niseme ninakokwenda. Kwa hiyo siri yako imenifunga hapa.

Yule mzee aliyevunjika paja bado yuko kwenye banda la wagonjwa, anaendelea vizuri. Wengine watatu nimewarudisha, nimewaambia wasubiri mwenyewe.

Hukuniambia kama kiungo kilirudi. Hukuniambia nani alikushika mabega walipokuvuta. Miaka yote hii mimi ndiye ninayewashika watu mabega wewe ukivuta miguu yao. Ninajua sura wanazokuwa nazo. Sipendi kuifikiria yako.

Mkeo,
Ng'washi


Mwanza, 9 Julai 1995

Mama Selina,

Kiungo kilirudi. Walinichoma sindano, daktari akavuta, nesi mmoja mnene akanishika mabega. Si kama wewe. Yeye alikuwa anaongea.

Lakini kurudi si kukaa. Daktari anaitwa Nestory, ni kijana wa rika la Selina, ananiamkia shikamoo kila asubuhi kabla hajaugusa mguu. Nilimwambia kazi yangu. Sikutaka, ilinitoka. Nilidhani atacheka. Badala yake aliinua ile picha ya eksrei kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha.

Ng'washi, mifupa ambayo nimeipapasa tangu ujana wangu sikuwahi kuiona. Mfupa mwembamba wa nje umekatika mshazari, na kipande cha chini kimesogea kidogo tu, kama unene wa ukucha. Kwa vidole vyangu ningesema umekaa sawa. Daktari akasema mfupa huo ndio ukuta unaoshikilia kifundo. Ukuta ukisogea hivyo, kila hatua mifupa inasagana vibaya, na baada ya miaka michache kiungo kinakwisha. Akasema mfupa wa paja au wa mkono unaweza kuungana ukiwa umepinda kidogo na mtu akaishi, ila kifundo hakisamehe.

Amenipa njia mbili. Nifungwe plasta ngumu tu, nibaki na maumivu na kuchechemea maisha yangu yote. Au nipasuliwe, nitiwe vyuma. Kupasuliwa nako kuna hatari yake: kidonda kinaweza kuoza, na kikioza sana wanaweza kukata mguu. Hakunificha. Wanangoja uvimbe ushuke na ngozi ianze kufanya mikunjo, ndipo wapasue. Mguu wangu umewekwa juu ya mito kama mgeni rasmi.

Selina anakuja jioni akitoka kiwandani kukata minofu ya sangara. Ananiletea ugali na mchuzi wa mapanki, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikitolewa. Glavu na plasta tunanunua wenyewe, ndivyo mambo yalivyo siku hizi, ila vyuma vyenyewe vipo, vililetwa na wamisionari.

Nitakubali nipasuliwe. Nilitaka usikie kutoka kwangu kabla.

Mayala


Nyabusenga, 13 Julai 1995

Baba Selina,

Ninaandika haraka, mtu anayekwenda Kamanga kwenye pantoni ananisubiri mlangoni.

Jana Malimi wa hapa kijijini alimleta binti yake Wilhelmina, yule aliyechaguliwa kwenda chuo cha ualimu Butimba. Ameanguka na baiskeli akiteremka kilima cha kanisa, mguu ukaingia kati ya fremu na jiwe. Kifundo kimegeuka nje. Upande wa ndani mfupa umeinua ngozi, imekuwa nyeupe na inang'aa. Umeniandikia habari za ngozi kama hiyo, ndiyo maana ninaogopa.

Nilimwambia Malimi ampeleke Mwanza. Akashangaa. Akasema, "Kwa mifupa? Mayala yupo." Nikasema Mayala hayupo. Akasema atamsubiri, Geita si mbali, na kama Mayala mwenyewe akisema ameshindwa ndipo atavuka maji, si kabla. Mimi nitasema nini? Neno ambalo lingemwondoa hapa ni lako, na umeniambia nilifiche.

Binti hapigi kelele. Ameng'ata ncha ya kitenge chake tu.

Niambie. Nimfunge au niseme?

Ng'washi


Mwanza, 13 Julai 1995

Mama Selina,

Nimepasuliwa jana, na ninaandika nikiwa mzima.

Walinichoma sindano ya ganzi mgongoni, na kuanzia kiunoni kwenda chini nikawa sina miguu. Lakini masikio yalikuwa yangu. Nilisikia keekee ikitoboa mfupa wangu kama fundi seremala anatoboa mlango. Daktari alikuwa anasema polepole na wenzake, hana haraka. Wameweka bamba la chuma upande wa nje, skrubu upande wa ndani, na skrubu moja ndefu inayoshika mifupa yote miwili isiachane. Hiyo ndefu itatolewa baadaye kabla sijaruhusiwa kukanyaga. Kuna mahali daktari alisimama akatazama tu. Nikauliza kuna nini. Akasema, "Hakuna, Mzee. Nautazama kama umekaa." Nami hufanya hivyo, ila mimi hufumba macho.

Leo maumivu ni makali, lakini moyo umetulia. Nitarudi nikitembea, na sababu ya fimbo tutaitafuta. Hakuna atakayejua.

Najua huko watu wanakuja. Usiwarudishe tena, jina litapotea. Ukiletewa mfupa wowote usiogope, funga kama ulivyoniona nikifunga. Mikono yako ni mikono yangu. Mimi nitarudi nitazame.

Mumeo,
Mayala


Nyabusenga, 16 Julai 1995

Baba Selina,

Asante kwa kujibu siku ile ile. Nilijua barua yangu ikiwahi pantoni la asubuhi hutaniacha hadi kesho. Na ninamshukuru Mungu umetoka salama katika visu.

Nimefanya ulivyosema. Nilimfunga juzi jioni. Malimi alimshika mabega, mimi nikavuta. Nilifumba macho kama wewe. Nilisikia kitu kikisogea, nikadhani kimeingia. Nikaweka mabanzi, nikakaza sana ili kisitoke tena, kwa sababu kila nikilegeza mguu ulikuwa unataka kurudi kulekule.

Malimi alifurahi. Ameleta jogoo. Alisema sasa ameona kwamba kazi hii imo ndani ya kaya, si kwa mtu mmoja.

Lakini Wilhelmina hakulala usiku ule, wala jana. Leo vidole vyake ni baridi. Nilimwambia avichezeshe, akanitazama, akasema, "Mama, ninavichezesha." Havikuwa vinacheza.

Labda ndivyo inavyokuwa mwanzoni. Wewe unajua. Mwenye mikono ni wewe.

Ng'washi


Mwanza, 18 Julai 1995

Ng'washi,

Fungua mguu huo sasa, kabla hujamaliza kusoma. Kata kamba zote.

Sikukujibu. Barua yangu na yako zilipishana ziwani. Odoyo alipokwisha kuleta yangu alishikwa na malaria akalala na yako ya tarehe 13 mfukoni, na leo ndipo nimepata barua zako zote mbili kwa pamoja. Nilipokuandikia ufunge mfupa wowote sikujua kuna Wilhelmina. Nisingekuambia hivyo. Nimekaa kitandani nimezishika barua hizi mbili na nesi ameniuliza kama nimepata msiba.

Nimemwita Daktari Nestory nikamsomea maneno yako. Amesema mguu uwekwe juu, usifungwe kwa kukaza, uegemezwe tu kwa mito na mabanzi mawili yaliyolegea, aletwe leo, si kesho. Amesema vidole baridi ni damu isiyofika.

Malimi alisema ataondoka nikisema nimeshindwa. Basi mwite yeye, mwite mama, waite na majirani waliopo, uwasomee haya kwa sauti:

Mimi Mayala mwana wa Chenge siko Geita. Niko Mwanza, wodi ya mifupa. Nilivunjika kifundo kama alivyovunjika Wilhelmina. Nilijaribu kuuunga mguu wangu mwenyewe nikashindwa. Nimepasuliwa na nina vyuma mguuni. Mguu wa binti huyu mimi siuwezi, na ningekuwepo hapo nisingeuweza. Mvusheni.

Odoyo bado ni mgonjwa lakini amekubali kuileta barua hii mwenyewe mpaka mlangoni.

Mayala


Nyabusenga, 20 Julai 1995

Baba Selina,

Nimesoma mbele yao. Nilipofika kwenye neno la Geita niliruka mstari, nikaanza upya.

 Mama yako ndiye aliyesema kwanza. Alisema alijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu alinisikia nikilia usiku kwa kujificha, na kama kaka yako angekuwa anaumwa ningelia mbele yake. Kisha akaomba apelekwe ndani.

Malimi hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alimbeba binti yake akamweka kwenye mkokoteni, akaweka magunia ya pumba chini ya mguu, akaniuliza kama ng'ombe waende polepole au haraka. Nikasema haraka. Nilipofungua kamba, ngozi ilikuwa imefanya malengelenge makubwa yenye maji meusi, na mahali palipokuwa peupe pamekuwa pa zambarau. Vidole viwili vilipata rangi baada ya muda. Vingine sikuona.

Mimi sikuvuka nao. Jirani alijitolea kukaa na mama, hakuna tena cha kuficha, ningeweza kuja. Nilifika mpaka njia panda nikarudi. Uso wa kukaa mbele ya binti huyo kwenye pantoni sikuwa nao.

Yule mzee wa paja amechukuliwa na wanawe jioni hiyo hiyo. Hawakuaga. Banda ni tupu.

Niandikie lolote utakaloona. Usipunguze.

Ng'washi


Mwanza, 14 Agosti 1995

Mama Selina,

Uliniambia nisipunguze, kwa hiyo nilisubiri mpaka niwe na kitu kamili cha kukuambia.

Mguu wa Wilhelmina haukukatwa. Kwa muda mrefu hatukujua. Daktari alikirudisha kiungo usiku ule alipofika, lakini ngozi ya upande wa ndani ilikuwa imekwisha kufa, na juu ya ngozi iliyokufa huwezi kupasua ukaweka bamba kama langu. Walikuwa wakimsafisha kidonda chumba cha upasuaji mara kwa mara. Wamemshika mifupa kwa vyuma vya nje, vinapenya ngozi na kusimama kama uzio mdogo kuzunguka mguu. Kidonda kimeanza kuwa chekundu, ambayo ndiyo rangi wanayoitaka. Kiungo chenyewe kimeharibika. Daktari anasema baadaye watakifunga kiwe mfupa mmoja. Atatembea. Atasimama mbele ya darasa. Ila kifundo hicho hakitakunjika tena, na kilima cha kanisa atakipanda kwa kuuburuta mguu.

Nilimuuliza daktari ingekuwaje kama angeletwa siku ile ile. Hakutaka kujibu. Nikamwambia mimi pia ni mtu wa kazi hii, anijibu. Akasema, "Angepata kama wewe, Mzee."

Ninakwenda wodi ya wanawake kwa magongo kila siku saa ya kuona wagonjwa. Siku ya kwanza Wilhelmina aliniamkia, kisha akageukia ukuta. Sikuondoka. Siku nyingine aliniuliza kama vyuma vinauma wakati wa baridi. Nikasema vinauma. Akasema vyake pia. Sasa tunaongea kidogo. Chuo kimekubali kumpokea mwakani.

Nikueleze habari ya Malimi. Alikuwa hasemi nami. Juzi tulikutana kwenye ukumbi, kwenye benchi. Tukakaa. Akauliza bila kunitazama:

"Ungekuwepo nyumbani, na mguu wako mzima, ungemfunga?"

Nilitaka kusema hapana, kama nilivyoandika kwenye ile barua uliyowasomea. Lakini ile niliisema nikiwa tayari nimeiona ile picha ya eksrei.

"Ningemfunga," nikasema.

"Na ungemharibu?"

"Ningemharibu. Halafu ningekuambia ni mapenzi ya Mungu, nawe ungeniamini."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Mwambie mkeo kwamba mimi ndiye niliyekataa kuvuka." Kisha akaenda kumchotea binti yake maji.

Nimekuandikia kama alivyosema. Lakini usiyachukue maneno yake ukayafanya blanketi la kujifunika, wala mimi sitayafanya. Wewe uliniuliza nimfunge au niseme. Swali hilo lisingekuwepo kama nisingekupa siri ya kubeba. Mikono iliyokaza kamba zile nilisema ni yangu. Basi ni yangu.

Mayala


Nyabusenga, 3 Oktoba 1995

Baba Selina,

Shikamoo. Selina ameniandikia kwamba ile skrubu ndefu imetolewa na umeanza kukanyaga. Mama yako anataka kujua kama wamekupa uione. Mimi ninataka kujua kama ulikanyaga ukalia. Hutaniambia.

Nilivuka mwezi uliopita, kama unavyojua, ukashangaa nilivyokwenda kwanza wodi ya wanawake kabla ya kuja kwako. Hukuniuliza yaliyosemwa kule, nakushukuru. Sasa nitakuambia. Nilimwambia Wilhelmina kwamba nilikuwa naogopa na nikafunga hivyo hivyo. Akasema alijua, kwa sababu aliniona nimefumba macho. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nilidhani watu wazima wanajua."  Nilimsuka nywele, nikaja kwako.

Huku nyumbani banda lilikaa tupu miezi miwili. Majani yaliota mlangoni. Watu walinisalimia vizuri, hakuna aliyenitukana, lakini walipovunjika walipita njia ya chini wakaenda Kamanga moja kwa moja. Wengine walikwenda kwa yule mganga wa upande wa pili wa kijiji anayesema anaunga kila kitu. Nilikuwa nimeanza kufikiri tulifanye ghala la mahindi.

Juzi asubuhi akaja bibi mmoja wa ufukweni, anaitwa Odeta, amekuja kwa miguu. Ameteleza kwenye mwamba akianika dagaa, ameangukia mkono. Nikamweka kivulini nikamletea maji. Nikamuuliza kama hajasikia habari zetu. Akasema amezisikia, ndiyo maana amekuja hapa na si kwa yule mwingine.

Akaunyosha mkono wake mbele yangu akasema, "Mwanangu, huu unauweza?"

Baba Selina, tangu niolewe katika kaya hii sijawahi kumsikia mtu akiuliza hivyo. Walikuwa wanakuja, wanalala, wanatukabidhi. Na sisi tulikuwa tunapokea.

Niliupapasa mkono ule muda mrefu. Nilianza mbali na pale panapouma nikaja polepole. Nikatazama kucha. Nikamwambia avichezeshe vidole, vikacheza vyote vitano. Kiungo cha kiganja kilikuwa mahali pake, mfupa mmoja tu umepasuka juu yake, haujasogea popote. Macho yangu sikuyafumba.

Nikamwambia, "Huu nauweza, bibi. Lakini ukilala na vidole vikawa baridi, usisubiri kukuche. Niamshe."

Akasema sawa, akaegemeza kichwa kwenye nguzo, akanipa mkono.

Mkeo,
Ng'washi